Mama Sweta Akataa Kubonyeza

Mjini Kitale, ukiuliza anakokaa Phelista Nelima, watu wengi watakukodolea macho tu. Uliza Mama Sweta, na utashikwa mkono mpaka mlangoni pake. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya soko, kati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Kwa miaka ishirini na sita mashine yake ya kufuma imekuwa ikienda kushoto na kulia, kra-kra, kra-kra, ikitoa sweta za kijani, za maruni, na za samawati zenye mistari ya manjano shingoni. Watoto wa Trans-Nzoia wasiohesabika wameipitisha baridi ya Julai ndani ya kazi ya mikono yake.

Alizaliwa upande wa Lugulu, akaolewa Kitale, akalea watoto wawili ambao sasa ni watu wazima na wana makwao. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na kicheko kinachoanza kabla mzaha haujaisha. Wote wanaomjua watakwambia ana roho nzuri. Wanaomjua zaidi watakwambia kwamba roho hiyo haikuwa na mlango. Phelista hakuwa na mdomo wa kukataa. Kanisani alikuwa katika kamati nne, na mbili kati ya hizo hakujua zilikuwa za nini. Jirani akitaka wa kumlindia kuku, Phelista. Harusi ikikosa mpishi, Phelista. Lorna, mwenzake anayefanya kazi kwenye mashine ya pili humo chumbani, alikuwa akisema kwamba siku moja mtu atakuja kumwomba Phelista abebe Mlima Elgon aupeleke Bungoma, naye atauliza tu kama autie kwenye gunia au kwenye kikapu.

Basi hata kwenye maigizo aliingia kwa njia hiyohiyo.

Siku moja ya Machi alikuja Mwalimu Nderitu. Nderitu alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakapata shamba mahali paitwapo Kwanza, naye alikulia huko katikati ya mahindi, akisoma vitabu chakavu vya nyota na vyombo vya angani alivyoazima kwa wamisionari. Ugonjwa huo wa hadithi za sayansi ya kubuni haukumwacha. Sasa alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe, kwa Kiswahili, na alitaka sweta kumi na tano za kijivu, zisizo na ukosi wala vifungo, zote sawasawa, kwa ajili ya raia wa mwaka 2190.

Phelista alifuma moja ya majaribio, akaivaa ili Mwalimu aone ilivyokaa. Nderitu akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akamtazama kwa muda mrefu.

“Mama Hesbon,” akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, “nina ombi.”

“Sawa, Mwalimu,” Phelista akajibu, kabla hajasikia ombi lenyewe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Raia wa 709.

Mchezo uliitwa *Asante, Mratibu*. Ndani yake kulikuwa na mji ambao haukuwa na njaa, wala wezi, wala askari. Hakuna aliyepigwa. Mji wote uliongozwa na sauti moja, Mratibu, mtambo ambao kila asubuhi saa kumi na mbili ulimsomea kila raia siku yake: utakula hiki, utafanya kazi ile, utamsalimia fulani na fulani hutamsalimia. Raia akishasikiliza, alibonyeza kitufe cha kijani ukutani, maana yake ‘nimekubali’, kisha akasema asante. Kitufe hakikuwa na kazi nyingine yoyote. Ukibonyeza au usipobonyeza, siku yako ilikuwa ni ileile. Ila katika miaka tisini hakuna aliyewahi kuacha kubonyeza, mpaka asubuhi moja Raia wa 709, mwanamke asiye na ugonjwa wala msiba, alipokitazama kile kitufe akasema: “Leo sibonyezi.”

Hayo tu ndiyo maneno yake makubwa. Maneno mawili, na Phelista hakuyaweza.

Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa kanisa. Sauti ya Mratibu ilikuwa ya Kiptanui, muuzaji wa vipuri vya trekta, jitu la mtu, ambaye alikaa nyuma ya pazia akazungumzia ndani ya mtungi wa plastiki wa lita ishirini uliokatwa upande mmoja. Sauti ilitoka nzito, ya mbali, kama inatoka tumboni mwa silo ya mahindi. Watoto waliokuja kuchungulia mlangoni walikimbia mara mbili kabla ya kuzoea. Phelista naye, kila aliposikia sauti hiyo ikimwamuru abonyeze, mkono ulikwenda wenyewe.

“Mwalimu,” alisema Jumamosi ya tatu, “huyu mama amekosewa nini?”

“Hajakosewa chochote.”

“Ana njaa?”

“Ameshiba.”

“Sasa si abonyeze tu, bana, twende nyumbani?”

Watu walicheka mpaka Lorna, aliyekuwa Raia wa 316, akakaa chini. Nderitu hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele ya Phelista, akamweleza polepole jinsi alivyokuwa akiwaelezea wanafunzi wake mambo ya nguvu na mwendo. Alisema kwamba katika hadithi nyingi za namna hiyo alizosoma, watawala huwa na viboko na magereza, na anayekataa hukataa kwa sababu ameumia. Hilo ni jambo kubwa, na halimwachi mtu bila machozi. Lakini mtu anayekataa kiboko, nusu ya kukataa kwake kumesababishwa na kiboko. Anayekataa njaa, njaa imemsukuma.

“Mimi nilitaka nimwone mtu ambaye hakuna kinachomsukuma,” akasema. “Anakataa, na kule kukataa ni kwake mwenyewe, kama vile jina lake.”

Phelista aliitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba hakuelewa, lakini hakutaka kumkatisha tamaa Mwalimu.

Alijaribu, si kwamba hakujaribu. Alisema “leo sibonyezi” akiwa anapika, akiwa anafua, akiwa anasokota uzi. Kila mara yalitoka kama mtu anayeomba radhi. Kiptanui alitoa kichwa nje ya pazia akasema ati Mama anamwambia habonyezi kama anayemwomba chumvi. Lorna akamshauri afanye mazoezi na watu halisi, aanze na yule muuza sukuma wiki aliyekuwa na tabia ya kuficha majani ya manjano katikati ya fungu. Phelista akapiga moyo konde, akaenda sokoni kukataa. Alirudi na yale majani ya manjano, na kabichi moja ambayo hakuwa ameihitaji, kwa kuwa muuzaji alikuwa amemsimulia habari za mgongo wake.

Hata hivyo alifurahi. Hilo hakulitarajia. Jumamosi zilikuwa zimegeuka sikukuu zake. Alipenda namna Kiptanui alivyokohoa ndani ya mtungi kabla ya kuanza. Alipenda namna watu wazima kumi na tano, wenye mashamba na maduka na magoti mabovu, walivyosimama mstari mmoja wamevaa kijivu na kujifanya wanaishi mwaka ambao hakuna hata mmoja wao angeuona. Alijikuta akimfikiria Raia wa 709 akiwa kazini, kama mtu anavyomfikiria jirani mpya. Anakula nini yule? Ana dada?

Wiki mbili kabla ya tamasha la vikundi vya maigizo huko Bungoma, mwenyekiti wa kamati ya tamasha alikuja Kitale kuukagua mchezo. Aliitwa Bwana Hillary Wanjala, mtu mstaarabu, mwenye tai na faili, na hofu ya kudumu kwamba kuna jambo litaharibika. Aliutazama mchezo akicheka vizuri tu, akapiga makofi mtambo ulipomkataza mzee mmoja kula nyama. Lakini mwisho ulipofika, Raia wa 709 alipokataa na wenzake wakaanza kuondoa mikono yao kwenye kitufe mmoja mmoja, alifunga faili lake.

Alizungumza kwa upole. Alisema mchezo ni mzuri sana. Ila kutakuwa na mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima anaweza kujiuliza huyo Mratibu ni nani hasa. Tena watoto watakuwepo, na watoto wakiona mtu mzima anakataa maagizo bila sababu, shule zitafundishaje? Basi kamati ilipendekeza badiliko dogo. Yule mama asite, ndiyo, asite kidogo, kisha abonyeze na kusema asante, na watu wote waimbe. Vinginevyo nafasi yao ingepewa kikundi kingine.

Wakakaa kujadili. Miezi mitatu ya mazoezi, sweta kumi na tano, jamaa walioahidiwa kwamba watawaona jukwaani. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono mingi iliinuka, na mmojawapo ulikuwa wa Phelista. Atadanganya akisema hakupata nafuu. “Asante, Mratibu” angeweza kuyasema hata usingizini.

Nderitu hakubisha. Alichukua kifutio akaanza kufuta mwisho wake kwa uangalifu, mstari kwa mstari, akipuliza vumbi la kifutio kutoka kwenye karatasi ili lisibaki. Phelista alimtazama mpaka akamaliza.

Jumatatu, akiwa mbele ya mashine yake, alijikuta amekasirika. Alikosea hesabu ya mishono, akafumua, akakosea tena. Lorna alimuuliza kuna nini. Phelista akasema hajui, ila alikuwa akifikiri kwamba katika kikao kile watu wote walikuwa wameulizwa maoni yao isipokuwa yule mama. Lorna akauliza ni mama yupi. Phelista akaona haya kusema, akavuta mashine kushoto, kra.

Siku ya tamasha Bungoma kulikuwa na jua kali na ukumbi ulifurika. Kina mama walikaa na watoto mapajani, wanaume walisimama madirishani, na mgeni wa heshima alichelewa kwa saa mbili. Kikundi cha Kitale kilikuwa cha saba kupanda jukwaani. Mchezo ulipoanza, watu walimpenda Mratibu mara moja. Kila mtungi uliponguruma, ukumbi ulicheka, na Lorna alipoambiwa kwamba leo hataruhusiwa kumsalimia mama mkwe wake, aliitikia “asante” kwa furaha kiasi kwamba wanawake wa safu za mbele walishikana mikono kwa kicheko.

Kisha ikafika zamu ya Raia wa 709. Phelista alilisogelea boksi lililofunikwa karatasi ya rangi ya fedha. Kitufe kilikuwa kifuniko cha mkebe, kimepakwa rangi ya kijani. Mratibu alimsomea siku yake. Phelista akainua mkono.

Alijua alichotakiwa kufanya: asite, ahesabu hadi tatu, abonyeze. Akasita. Akahesabu moja, mbili. Kidole chake cha shahada kilikuwa mbele ya macho yake, na kovu dogo la sindano kwenye ncha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikitazama kama kitu ambacho kingeweza kwenda huku au kule. Hakuna aliyekishika. Hakuna aliyemtisha. Angeweza kabisa kubonyeza. Na hapo, mbele ya watu mia tatu, ndipo alipomwelewa Mwalimu.

“Leo sibonyezi,” akasema.

Hakupiga kelele. Aliyasema kama mtu anavyomwambia mteja kwamba leo hajafungua duka. Nyuma ya pazia Kiptanui, aliyekuwa akingoja neno asante, alikohoa ndani ya mtungi.

“Raia wa 709. Bonyeza.”

“Nimesikia. Sibonyezi.”

“Kitufe hakiumi,” ukasema mtungi, kwa sauti iliyoanza kutapatapa.

“Najua hakiumi.”

“Ukibonyeza au usipobonyeza, siku yako ni ileile.”

“Basi, kama ni ileile,” akasema Phelista, akigeuza kichwa kutazama kule sauti ilikotoka, “mbona unakitaka hiki kidole changu?”

Halafu ukumbi wote ukalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga viti, mama mmoja mzee wa safu ya tatu akasimama akasema amuulize tena, hajajibu. Phelista akauliza tena. Kiptanui aliweza tu kupumua, na pumzi zake zikapita mtungini zikatoka kubwa, hhh, hhh, na watu wakadhani mtambo umeanza kuharibika, wakazidi kucheka. Mwishowe lile jitu likatoka nyuma ya pazia, mtungi umemning’inia mkononi, likamtazama Phelista ana kwa ana.

“Sijui,” akasema kwa sauti yake ya kawaida. “Kusema kweli sijui kwa nini nakitaka.”

Lorna ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka jukwaa akaenda kusimama kando ya Phelista. Kisha yule mzee aliyekatazwa nyama. Kisha wengine, wakikanyagana kidogo, kwa kuwa hawakuwa wamefanya mazoezi ya kumaliza namna hiyo. Bwana Hillary alisimama kwenye njia ya katikati akipunga ratiba hewani kana kwamba anazuia ng’ombe. Mgeni wa heshima hakuona lolote. Alikuwa ametoka nje kupokea simu.

Matokeo yaliposomwa walikuwa wa mwisho kati ya vikundi kumi na kimoja. Majaji waliandika kwamba kikundi kiliacha maandishi yaliyoidhinishwa, na hilo lilikuwa kweli tupu. Bwana Hillary alimfuata Phelista nje, jasho limemlowesha tai.

“Mama, umeniweka pabaya.”

Phelista alihisi lile neno la zamani likimpanda kooni, samahani, sijui kilichonipata. Alilisubiri lipite.

“Najua, Mwenyekiti,” akasema. “Na kwa hilo pole sana. Lakini usije ukaandika kwenye ripoti kwamba nilisahau. Sikusahau.”

Bwana Hillary alimtazama, akafungua faili, akaandika. Inasemekana aliandika hivyohivyo alivyoambiwa: hakusahau.

Jioni hiyo kabla ya kurudi Kitale kikundi kizima kiliingia hotelini kula kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, na kelele walizopiga zingedhaniwa ni za washindi. Kiptanui aliigiza mara nne namna alivyokosa maneno. Nderitu alikuwa amekaa pembeni akiwa na karatasi zake, bado hajasema lolote, mpaka Phelista akaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba amemuudhi. Hatimaye akasogeza kiti.

“Yale maneno ya kidole,” akasema, “uliyatoa wapi?”

“Yalikuja tu, Mwalimu.”

“Naomba ruhusa yako niyaandike.”

Phelista aliitazama kalamu ya Mwalimu. Katika miaka hamsini na miwili alikuwa ameambiwa fanya na lete na njoo, na kwa adabu nyingi sana mara nyingine, lakini hakukumbuka mtu aliyemwomba ruhusa kisha akakaa kimya namna hiyo kungoja jibu, kalamu iko juu ya karatasi na haijagusa.

“Andika,” akasema. “Lakini uandike pia kwamba Mratibu alijibu sijui. Hilo ni la Kiptanui.”

Baada ya hapo waliitwa sehemu nyingi. Huko Lugulu waliigiza katika uwanja wa kanisa, na shangazi zake Phelista walikaa mbele kabisa wakimsahihisha. Huko Kwanza walifanya jukwaa juu ya magunia ya mahindi siku ya soko, na mchezo ulipokwisha wafanyabiashara wawili walibishana mpaka jioni. Mmoja alisema kitu kisicho na madhara hakikataliwi, ni ujuaji tu. Mwingine akamuuliza kwa nini basi anakereka hivyo mwanamke mmoja asipobonyeza. Wacera, mke wa Nderitu, aliyekuwa akiwauzia chai wote wawili, alimwambia mumewe kwamba kwa miaka arobaini alidhani hadithi zake za nyota ni upuuzi, na sasa angependa kusoma ile ya kwanza.

Desemba iliyofuata alifika mwalimu mkuu mmoja, Bi Mary Ann, akitaka sweta themanini kabla ya shule kufunguliwa, na sikukuu ziko mlangoni. Lorna aliacha mashine yake ikasimama ili asikie vizuri. Phelista alimwambia kwamba Krismasi angekuwa Lugulu na dada zake, na kwamba sweta zingekuwa tayari katikati ya Januari. Bi Mary Ann akafikiri, akasema sawa, akaaga. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Bado yeye ni Mama Sweta, na bado hukubali mambo mengi. Yuko katika kamati mbili za kanisa, anajua zote ni za nini, na moja anaiongoza. Ila siku hizi ukimwomba jambo hunyamaza kwanza. Lorna hudai kwamba amekipima kimya hicho kwa saa, na kwamba hakipungui sekunde nne.

Mwaka huu Nderitu amemaliza mchezo mpya. Unahusu chombo cha angani kinachosafiri kwa vizazi vitatu, na nahodha wake amepiga marufuku neno ‘labda’. Alimletea Phelista karatasi, akamwambia sehemu ya yule mhandisi anayelisema neno hilo hadharani imeandikwa kwa ajili yake, hakuna mwingine atakayeiweza. Phelista alisoma mpaka mwisho, akanyamaza sekunde zake nne, akakataa. Alisema anamtaka nahodha. Alisema kwa muda mrefu amewasikiliza watu wa namna hiyo, anajua wanavyovuta pumzi kabla ya kusema, na ingekuwa hasara ujuzi wote huo uende bure.

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo, ukipita nyuma ya soko la Kitale asubuhi, utasikia mashine ikienda kra-kra, na juu yake sauti ya mwanamke ikitoa amri kwa watu mia sita walioko kati ya nyota. Wateja wakifika mlangoni husimama wima kwanza. Halafu yeye hugeuka, huwaona, na hucheka hadi kitambaa chake cha kichwa kinalegea.